Fungua Nepi Kwanza

Mtoto ana wiki 7. Ananyonya vizuri, anakojoa, ameanza kutabasamu akisikia sauti ya mama yake, lakini leo ni siku ya 5 hajapata choo. Nyumba nzima imeshajua. Bibi yake mzaa baba anataka achemshiwe maji na kutiwa sukari kidogo. Shangazi amechonga kijipande cha sabuni ya mche na amekuja nacho mkononi. Jirani anauliza kama mvuje upo. Baba alitumwa duka la dawa na amerudi na chupa ya Gripe Water. Mama, ambaye hajapata usingizi wa maana tangu ajifungue, amekaa katikati yao amempakata mtoto ambaye kwa kweli hana tatizo lolote.

Hana tatizo, narudia. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee, akishavuka wiki ya 6 hivi, anaweza kukaa siku 5, siku 7, hata siku 10 bila kupata choo na akawa mzima kabisa, mradi ananyonya, anakojoa, uzito unapanda na tumbo lake ni laini. Maziwa ya mama humeng'enywa na kufyonzwa karibu yote, mabaki yake ni machache mno, na utumbo ambao haujajaa hauna cha kuharakisha. Kinachoangaliwa ni choo chenyewe kitakapotoka. Kikitoka laini, cha majimaji au cha ujiuji, mtoto huyo hakufunga choo hata kama alikaa wiki nzima. Kufunga choo ni kutoa choo kikavu, kigumu, cha vidonge kama vya mbuzi, na hali hiyo ni nadra sana kwa mtoto ambaye hajaonja kitu kingine zaidi ya titi.

Jambo hili lingekuwa la kuzungumza na kucheka tu barazani kama lisingekuwa na madhara. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 nchini Tanzania ulionyesha kwamba asilimia 64 ya watoto wa chini ya miezi 6 wananyonya maziwa ya mama pekee. Waliobaki, zaidi ya mmoja katika kila watatu, wameshapewa maji, uji, maziwa mengine au vinginevyo. Choo ni mlango mmojawapo ambao vitu hivyo hupitia. Hajapata choo, mpe maji. Kimekuwa cha kijani, mpe dawa. Anajikakamua, mpe mafuta. Mtoto ambaye hakuwa mgonjwa huanza kuumwa kwa sababu ya kile alichopewa ili apone. Ndiyo maana nasema kabla ya kumpa chochote, fungua nepi uangalie, na ujue unachokiangalia.

Tuanzie siku ya kwanza, maana huko ndiko nepi husema mengi zaidi.

Choo cha kwanza cha mtoto ni cheusi chenye ukijani, kinanata kama lami na karibu hakina harufu. Mama anayekiona kwa mara ya kwanza hushtuka, na mara nyingi ataambiwa kuwa ni uchafu aliokula yeye alipokuwa mjamzito. Sivyo. Ni mkusanyiko wa yale ambayo mtoto ameyameza na kuyatengeneza mwenyewe akiwa tumboni, yaani maji ya uzazi, vinyweleo laini, chembe zilizobanduka kwenye kuta za utumbo, ute na nyongo. Kinagoma kutoka kwenye ngozi, kwa hiyo wakunga wengi humshauri mama ampake mtoto mafuta kidogo makalioni mapema, ili kikija kifutike bila kumsugua.

Choo hicho kinatarajiwa ndani ya saa 24 za mwanzo. Saa 48 zikipita bila kukiona, daktari lazima amwone mtoto, hasa kama tumbo limevimba au anatapika matapishi ya kijani. Huenda njia imeziba, au huenda sehemu ya mwisho ya utumbo haina neva za kuusukuma. Maradhi haya ya kukosa neva yanaitwa Hirschsprung, kwa jina la daktari wa watoto wa Denmark, Harald Hirschsprung, aliyeyaeleza mwaka 1886. Hutibiwa kwa upasuaji.

Kinachokisukuma choo hiki cheusi kitoke ni dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya siku za mwanzo ambayo katika baadhi ya nyumba bado hukamuliwa na kumwagwa eti ni machafu. Hapa sina simile. Dang'a hulainisha na kuamsha utumbo. Ndani ya choo cheusi kuna bilirubini nyingi, ile rangi inayotokana na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu. Kikichelewa kutoka, rangi hiyo hufyonzwa upya na kurudi kwenye damu, na mtoto huzidi kuwa manjano machoni na mwilini. Anayemwaga dang'a amemnyima mtoto chanjo yake ya mwanzo na dawa yake ya kwanza ya kusafisha tumbo kwa mara moja.

Kuanzia siku ya 3 weusi hufifia, choo kinakuwa cha kahawia, kisha kijani kilichochafuka. Ikifika siku ya 5 kinapaswa kuwa cha njano, chepesi, chenye chembechembe nyeupe kama mbegu, ambazo ni mafuta na maziwa yaliyoganda bila kumeng'enywa yote. Harufu yake si kali, inakaribiana na ya mtindi. Mtoto wa umri huo hupata choo mara 3 au 4 kwa siku, na wengine kila wakinyonya, kwa kuwa tumbo likipokea maziwa huuamsha utumbo mpana papo hapo. Mama mkwe anayesema mtoto anaharisha kwa sababu amechafua nepi mara 8 tangu asubuhi anahesabu kwa kipimo cha mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linaeleza waziwazi kwamba choo laini cha mara kwa mara cha mtoto anayenyonya hakihesabiwi kuwa kuhara.

Mkojo nao unahesabiwa. Siku ya kwanza tegemea nepi iliyolowa angalau 1, ya pili 2, ya tatu 3, na kuanzia siku ya 5 au ya 6 zisipungue 6 kwa saa 24. Siku hizi pampasi hunyonya mkojo mpaka mama hajui kama nepi imelowa au ni kavu. Kuna njia rahisi ya kuufundisha mkono. Chukua pampasi mpya, mwagia vijiko vikubwa 3 vya maji, uipime mkononi. Huo ndio uzito wa nepi iliyolowa vizuri. Wanaotumia nepi za kitambaa wana nafuu katika hili kwa sababu kitambaa hakifichi kitu.

Nasisitiza hesabu hii kwa sababu titi halina alama za mililita. Mama hawezi kuona mtoto amekunywa kiasi gani, na hofu ya kwamba maziwa hayatoshi hupata nafasi hapo. Nenda kliniki yoyote ya mama na mtoto umsikilize muuguzi mzoefu. Hatamuuliza mama kama maziwa yanatoka. Atamuuliza, "Mama, tangu jana asubuhi umebadilisha nepi ngapi zilizolowa?" Mama akijibu, "Sijahesabu, nesi, ila analia sana," ataambiwa aifungue hiyo aliyovaa mtoto, hapo hapo mezani. Ikiwa imelowa, mkojo hauna rangi, na pembeni kuna choo cha njano, muuguzi atampeleka kwenye mizani akiwa na nusu ya jibu tayari. Mtoto mchanga hupungua uzito siku za mwanzo, hata kufikia asilimia 7 hadi 10 ya aliozaliwa nao, na anatarajiwa kuurudisha kufikia wiki ya 2. Nepi na mizani vikikubaliana, maziwa yanatosha, hata kama matiti ni madogo, hata kama mtoto analia jioni.

Visipokubaliana, basi kuna kazi. Siku ya 5 imefika, choo bado cheusi au hakuna kabisa, nepi zilizolowa ni 2 tu kwa siku, na kwenye kitambaa kuna madoa ya rangi ya matofali. Madoa hayo ni chumvi za mkojo mzito. Siku mbili tatu za mwanzo si kitu. Yakiendelea baada ya hapo, mtoto hapati maziwa ya kutosha. Hapa ndipo ilipo tofauti ambayo watu wengi huichanganya, kwamba kukosa choo siku 5 kwa mtoto wa wiki 7 anayenenepa ni kawaida, ilhali kukosa choo siku 2 kwa mtoto wa wiki 1 ni sababu ya kumrudisha kliniki leo. Mara nyingi dawa yake ni kurekebisha anavyoshika titi. Mdomo uwe wazi sana, kidevu kiguse titi, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu iwe ndani ya mdomo. Anyonyeshwe kila anapotaka, usiku na mchana, mara 8 hadi 12.

Kwa mtoto wa kike, matone machache ya damu au ute kwenye nepi wiki ya kwanza ni homoni za mama zinazomtoka mwilini. Hupita zenyewe.

Sasa ile njano. Rangi yake hutoka kwenye nyongo, lakini ulaini na uchachu wake ni kazi ya wakazi wa utumbo. Mwaka 1885 daktari Theodor Escherich, akichunguza vinyesi vya watoto wachanga huko Munich, alimwona bakteria ambaye leo anaitwa kwa jina lake, Escherichia coli. Miaka michache baadaye, kuelekea mwaka 1900, Henri Tissier wa Taasisi ya Pasteur jijini Paris alikuta kwenye vinyesi vya watoto wanaonyonya bakteria mwingine mwenye umbo la panda, na kwamba huyo ndiye aliyetawala. Ni bifidobakteria. Kwa miaka mingi watu waliuliza kwa nini bakteria hao wanapenda utumbo wa mtoto anayenyonya. Jibu liko kwenye maziwa yenyewe. Maziwa ya mama yana aina zaidi ya 150 za sukari ambazo mtoto hana uwezo wa kuzimeng'enya. Hazikuwekwa kwa ajili yake. Ni chakula cha bakteria hao, nao wakishiba hutengeneza asidi inayouchachusha utumbo na kuwafanya wadudu wengi wa maradhi washindwe kukaa.

Nikifika hapa huwa nastaajabu kila mara. Mama anamlisha mtoto na papo hapo anawalisha walinzi wa mtoto. Ukiingiza uji, maziwa ya ng'ombe au ya kopo mapema, idadi ya walinzi hao huvurugika, choo kinakuwa kizito, cha kahawia na chenye kunuka. Maji matupu nayo hayana kazi, kwa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji, hata kwenye joto la Dar es Salaam mwezi wa Januari. Yakitoka kwenye ndoo isiyo safi, huja na kuhara kwa kweli.

Choo cha kijani kimewatoa wengi jasho bila sababu. Njano iliyokaa kwenye nepi usiku kucha ikipigwa na hewa hugeuka kijani. Mafua hukigeuza, na dawa ya madini ya chuma pia. Chakula kikipita haraka tumboni, nyongo hukosa muda wa kubadilika rangi. Kikiwa cha kijani, chenye povu, kinachotoka kwa kishindo, na mama ana maziwa mengi yanayochuruzika, huenda mtoto anahamishwa titi mapema mno. Anapata yale mepesi yenye sukari ya mwanzo, anakosa yale yenye mafuta yanayofuata. Mwache amalize titi moja kabla ya kumpa la pili. Zaidi ya hapo, kijani kwa mtoto mchangamfu hakina jina la ugonjwa.

Kujikakamua je? Mtoto anakunja miguu, uso unakuwa mwekundu, analia dakika 10 au 20, halafu kinatoka choo laini kabisa. Watu husema anaumwa chango. Ukweli ni kwamba anajifunza. Kupata choo kunahitaji mambo mawili kwa wakati mmoja, kusukuma kwa tumbo na kulegeza njia, na yeye bado anasukuma huku amebana. Atajua ndani ya wiki chache. Kipande cha sabuni au bua la jani vinavyoingizwa vinachubua ngozi nyororo na kumzoesha kusubiri kuchokonolewa. Mlaze chali, umzungushe miguu taratibu kama anayeendesha baiskeli, umkande tumbo kwa kiganja chenye joto. Bibi anayetaka kusaidia apewe kazi hiyo, ataifanya vizuri kuliko wote.

Kuhusu Gripe Water, ni vyema wazazi wajue ilikotoka. Aliyeitengeneza ni mfamasia William Woodward wa Nottingham, Uingereza, mwaka 1851. Ya enzi hizo ilikuwa na mafuta ya shibiti, bikaboneti, sukari na pombe. Pombe imeondolewa katika nyingi za leo, lakini mtoto wa chini ya miezi 6 haihitaji. Asali nayo isimguse kabla ya kutimiza mwaka 1, kwa sababu inaweza kubeba viini vya sumu ya botulini inayolegeza misuli, na dalili yake ya kwanza huwa ni kufunga choo.

Kuhara kwa kweli utakutambua kwa mabadiliko ya ghafla. Choo kinakuwa maji matupu, kinanuka, ni mara nyingi kuliko kawaida yake mwenyewe, pengine na ute, damu, homa au kutapika. Hatari yake ni kukaukiwa maji. Macho huingia ndani, utosi hubonyea, ngozi ya tumbo ukiifinya hurudi polepole, nepi hubaki kavu saa nyingi. Endelea kunyonyesha, tena mara nyingi zaidi, na mpeleke kituo cha afya apate O.R.S. na zinki. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6 zinki ni miligramu 10 kila siku kwa siku 10 hadi 14, na usiikatize choo kikikaza. Chanjo ya virusi vya rota iko kwenye ratiba ya kliniki, usiiache ipite.

Hapa nalazimika kusema jambo zito. Mtoto akiharisha na kukonda, katika mitaa yetu mingi neno la kwanza ni kwamba amebemendwa. Mama anatazamwa kwa jicho la lawama, eti amelala na mwanamume, maziwa yameharibika. Hakuna tendo la ndoa linaloharibu maziwa. Lawama hiyo inaua, kwa sababu mama aliyeaibishwa huficha ugonjwa au huanza kwa mganga, na siku 2 za kuhara bila maji zinatosha kumwondoa mtoto mchanga. Wengine huambiwa ni meno ya plastiki, na mtoto huchokolewa fizi kwa kifaa kichafu. Vile vivimbe vyeupe vya kwenye fizi ni machipukizi ya meno ya utotoni ya kawaida. Kuyang'oa kumewaletea watoto kutokwa damu nyingi, pepopunda na sumu kwenye damu, huku kuhara kukiendelea pale pale.

Baada ya miezi 6 na chakula cha nyongeza kuanza, kila kitu hubadilika tena. Choo huwa kizito, kinanuka, vipande vya karoti hutoka kama vilivyoingia, na ndizi huacha nyuzi nyeusi ambazo akina mama huzidhania kuwa minyoo. Ni ndizi.

Zimebaki rangi 3 ambazo hazina mjadala. Nyekundu inaweza kuwa mchubuko mdogo, lakini damu inatakiwa kuonwa na daktari. Ikichanganyika na ute kama jeli, na mtoto analia kwa vipindi akikunja miguu na kutapika, huenda utumbo umeingia ndani ya utumbo mwenzake, na hilo ni suala la saa. Weusi unaorudi baada ya choo kuwa cha njano huenda ni damu iliyomeng'enywa. Wakati mwingine ni damu ya mama mwenye chuchu zilizopasuka, ila mwache mtaalamu ndiye aamue.

Ya tatu ni nyeupe, au kijivu, au ya maziwa yaliyopauka. Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, maana mtoto huonekana mzima, ananyonya, na manjano yake huambiwa yatakwisha akianikwa jua. Choo kisicho na rangi maana yake nyongo haifiki kwenye utumbo. Mkojo nao huwa mzito wa kutia doa kwenye nepi. Daktari Morio Kasai wa Japani alichapisha mwaka 1959 upasuaji wa kuifungulia nyongo njia mpya, na matokeo yake ni mazuri zaidi mtoto akifanyiwa kabla ya kutimiza siku 60. Akichelewa, ini huharibika. Taiwan iliwapa wazazi kadi yenye picha za rangi za choo, ikaieneza nchi nzima mwaka 2004, na Japani iliiweka ndani ya kitabu cha kliniki cha mama na mtoto mwaka 2012. Ni karatasi yenye rangi tu. Wizara zetu za afya, Bara, Visiwani na kwa majirani, zinaweza kumudu kuichapisha kwenye kadi ya kliniki ya kila mtoto, na nawaomba wahusika walifanyie kazi.

Wakati tunasubiri, mzazi unayesoma haya, jioni ya leo fungua nepi ya mwanao kwenye mwanga wa jua, si wa taa. Ukikuta choo kimepauka, au mtoto amevuka siku 14 na bado ana manjano, usingoje tarehe ya kliniki. Ikunje nepi hiyo, itie kwenye mfuko, uende nayo hospitali umwonyeshe daktari.